Shamba Lililolambwa na Mbuzi

Asubuhi ile Nanjala alipofika shambani kwake, alimkuta Morris akilipima kwa hatua. Alikuwa ameegesha pikipiki kando ya mfereji, amekunja suruali hadi magotini kama mtu anayetaka kuvuka mto, na alikuwa akihesabu kwa sauti, bila haya.

"Thelathini na nane... thelathini na tisa... arobaini. Mama Brendah, habari ya asubuhi? Hii shamba yako ni hatua arobaini kamili. Mimi nilidhani ni thelathini."

"Nzuri. Kwani umeambiwa nimekufa?"

"Hapana, uishi miaka mia! Ni kuangalia tu. Mtu akitaka kuoa, si huenda kwanza kumwona bibi?"

"Bibi huyu bado ana bwana. Shuka kwenye tuta langu."

Morris akashuka akicheka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana wa boda boda pale Malaba, mwenye maneno mengi na pikipiki moja, na kwa miaka mitatu jina lake lilikuwa la kwanza kwenye orodha ya wanaosubiri shamba. Kikundi chao cha umwagiliaji kilikuwa na mashamba ishirini tu, yamepangwa kando ya mfereji mmoja uliotoka mtoni, chini kidogo ya mahali malori yanapopanga foleni kuvukia Uganda. Kanuni ilikuwa moja na kila mtu aliijua kwa moyo: shamba likishindwa kutoa mazao kwenye angalau nusu yake misimu miwili mfululizo, linapewa mtu wa kwanza kwenye orodha.

Msimu uliopita vitunguu vya Nanjala vilikauka vyote. Ukaguzi wa msimu huu ulikuwa umebakiza wiki kumi na mbili.

Shamba lenyewe halikuwa kubwa, lakini lilikuwa lake. Nyumba ilikuwa ya Otukei, mume wake, dereva wa lori ambaye akienda Juba alikaa huko hadi mbwa wakaanza kumsahau. Boma lilikuwa la Ajiko, mama mkwe. Hata kuku walikuwa wa Brendah, binti yake, ambaye aliwapa majina na kukataza wasichinjwe. Katika daftari la kikundi, kwenye mstari wa ishirini, paliandikwa: Benedetta Nanjala. Tangu aolewe kutoka Matayos, hapo ndipo mahali pa pekee jina lake lilipoandikwa likiwa peke yake.

Naye sasa alikuwa akiliangalia shamba hilo na kuona miche iliyosinyaa, ncha zake zimekuwa kahawia kama zimepitishwa motoni. Juu ya udongo kulikuwa na kitu cheupe, ukoko mwembamba uliovunjika chini ya kidole kama maganda ya yai.

"Na maji unapata," Morris alisema, safari hii bila mzaha.

"Kila siku."

Maji kila siku: huo ulikuwa uamuzi wa kamati. Mvua za masika zilikuja wiki mbili zikaaga, na mto ukapungua hadi watu wakawa wanavuka kwenda upande wa pili bila kuvua viatu. Kamati ikafanya mambo mawili. Kwanza, ikafufua pampu ya kisima cha zamani, ambacho maji yake yalikuwa na ladha kidogo, wakayachanganya na ya mto. Pili, ikagawa zamu ndogo ndogo: nusu saa kwa kila shamba, kila siku, ili asiwepo wa kulala njaa. Ilionekana haki, na kwa kweli ilikuwa imeamuliwa kwa nia njema.

Msimamizi wa maji alikuwa mzee Ongodia, mtu mfupi, mkimya, aliyetembea na redio ndogo shingoni, imening'inizwa kwa kamba ya kiatu. Redio hiyo ndiyo ilikuwa saa ya kikundi. Zamani walitumia simu, lakini simu huangaliwa na mwenye nayo peke yake, na kila mmoja alisoma saa ya kumfaa. Redio ilisikiwa na wote. Mtangazaji akisema "habari kwa ufupi", kila nusu saa, Ongodia alifunga geti la huyu na kufungua la yule, hata kama umebaki mche mmoja haujalowa. Hakuna aliyewahi kubishana na mtangazaji.

Siku mbili baada ya Morris kupima, mbuzi wa Alinga waliingia shambani. Alinga alikuwa jirani wa juu, mwanamume mrefu mwenye sauti ya kukwaruza, na mbuzi wake walijulikana hadi sokoni. Nanjala alikimbia na fimbo akijua miche imekwisha. Alipofika akasimama. Mbuzi saba walikuwa wamepiga magoti ya mbele, vichwa chini, na hakuna hata mmoja aliyegusa mche. Walikuwa wakilamba udongo.

Alichota kidogo kwa kidole, akaonja. Kisha akaonja tena, ili asijidanganye.

Jioni alimpelekea Ajiko udongo kidogo kwenye jani. Ajiko aliweka ulimini, akatema mbali, akasimama. Alikuwa na miaka sabini na mwendo wa mtu mwenye arobaini.

"Chumvi," alisema. "Mtu amekumwagia chumvi."

"Mama, tungoje kwanza."

"Tungoje nini? Nani hubeba magunia ya chumvi ya ng'ombe kwa pikipiki, kutoka mpakani hadi kwa wafugaji? Nani alikuja kupima shamba kwa miguu kama mkunga anayepima tumbo?"

Kabla Nanjala hajafunga mlango wa jikoni, Ajiko alikuwa barabarani, jani mkononi. Nanjala akamfuata mbio. Walimkuta Morris kwenye stendi, amelala chali juu ya pikipiki yake, miguu kwenye usukani.

"Wewe!" Ajiko akasema. "Onja kitu chako!"

Morris aliinuka, akaonja kwa adabu, kwa sababu kijana haambiwi mara mbili na mama wa umri ule. Waendesha boda boda wenzake wakasogea.

"Ni chumvi, mama. Lakini si yangu. Yangu ni ya mawe mekundu, hii ni nyeupe. Na tena, hebu nisaidie: hiyo shamba naitaka mimi. Nimeingoja miaka tatu. Sasa niimwagie chumvi, halafu nipewe, halafu nipande nini? Nipande samaki?"

Stendi nzima ikaangua kicheko. Ajiko aliangalia huku na huku, na kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, mdomo wake ukaanza kucheza pembeni.

"Basi nirudishe nyumbani," alisema. "Nimekuja kwa miguu kwa sababu yako."

Morris akampeleka. Nanjala alirudi peke yake, polepole, akifikiri. Kama hakuna aliyemwaga chumvi, basi chumvi ilikuja yenyewe. Na kitu kinachokuja chenyewe lazima kina njia.

Njia hiyo aliiona siku chache baadaye, nyuma ya jiko. Kwao Matayos, kunde hazipikwi bila munyu, yaani maji ya majivu yanayolainisha mboga. Unachoma maganda makavu ya maharagwe, unatia majivu kwenye kopo lililotobolewa chini, unaliweka juu ya sufuria, unamimina maji. Maji yanapita kwenye majivu yakichukua ukali wake wote, na matone ya kahawia yanadondoka chini. Ajiko, ambaye miaka kumi nyuma aliapa kwamba mke wa mwanawe hatamlisha mboga za majivu, sasa hakula kunde bila munyu, na Nanjala asipokuwepo aliutengeneza mwenyewe.

Safari hii alikuwa ameutengeneza vibaya. Alihitaji sufuria apike uji, kwa hiyo aliliweka kopo chini, kwenye udongo wa ua, na udongo ukaziba matundu. Tena kwa sababu ya ukame aliamua kubana maji: kikombe kimoja asubuhi, kimoja jioni, siku mbili, juani.

"Munyu wenu umekataa kushuka," alilalamika. "Tazama, umepanda juu."

Nanjala aliinama. Juu ya majivu kulikuwa na ukoko mweupe, mwembamba, uliovunjika chini ya kidole kama maganda ya yai.

Alikaa pale kwa muda mrefu, amechuchumaa, hata Ajiko akamwuliza kama anaumwa. Maji kidogo, kila siku, juu ya kitu kisicho na tundu chini. Jua linachukua maji, haliwezi kuchukua chumvi. Kesho maji mengine kidogo, na chumvi nyingine kidogo kutoka kisimani. Haikuwa na pa kutokea, ikapanda juu na kukaa.

Kisha akakumbuka jambo lingine, na hilo halikumfurahisha. Alichukua jembe akaenda shambani, hadi mwisho wa chini kabisa, akachimba. Jembe likagonga mawe. Huo ulikuwa mtaro wa zamani wa kutolea maji, na aliyeufukia alikuwa yeye mwenyewe, mwaka uliopita, ili apate mistari miwili zaidi ya vitunguu. Alikuwa amejisifu kwa hiyo mistari miwili. Alimwonyesha kila aliyepita.

Hakumwambia mtu siku hiyo. Alitaka kuwa na hakika kwanza.

Alitafuta makopo mawili ya mafuta ya kupikia, akayajaza udongo wa shambani. La kwanza aliliacha bila matundu, akawa analimwagia nusu kikombe kila siku, kama zamu ya kamati. La pili alilitoboa chini, akalimiminia jagi zima siku ya kwanza, maji yakatoka chini yote na ladha yake mbaya, kisha akaliacha, akalimwagia maji mara moja tu baada ya siku nne. Katika kila kopo alipanda miche mitatu kutoka kitalu alichokuwa nacho bado nyumbani. Ajiko alipita kila asubuhi akiwajulia hali.

"Wagonjwa wako wameamkaje?"

"Hawa wa huku wamekataa kula. Hawa wa huku hawajambo kidogo."

Siku ya nane, kopo lisilo na tundu lilikuwa jeupe juu, na miche yake mitatu imelala. Katika kopo lenye matundu, miwili ilikuwa imesimama wima na kutoa jani jipya. Wa tatu uling'olewa na kuku aitwaye Malkia, na huo Nanjala hakuuhesabu upande wowote.

Alhamisi alikwenda kwenye mkutano wa kikundi, kopo moja kila mkono. Wanachama walikuwa wameketi kwenye kuta za geti kuu la mfereji, nyuso zao zimechoshwa na jua. Morris pia alikuwepo, kwa haki ya mtu wa orodha.

"Nimefukia mtaro wangu mwenyewe," Nanjala alianza. Aliona ni vizuri aanze na hilo, kabla halijasemwa na mwingine. Kisha akaeleza juu ya makopo, juu ya majivu, na mwisho akasema ombi lake. "Nataka kuosha shamba. Kwa siku kumi sitachukua maji. Kila siku mmoja wenu atachukua nusu saa yangu juu ya yake. Watu kumi, siku kumi. Halafu siku moja hao kumi watanirudishia, kila mtu nusu yake. Nitapata saa tano kwa mkupuo."

"Saa tano!" Alinga alisimama. "Za kumwagia nini? Miche yako si imekauka yote?"

"Za kumwagia udongo."

"Udongo mtupu?"

"Mtupu."

Kelele zilizofuata zilisikika hadi kwa madereva wa malori. Mmoja alisema jua limempata. Mwingine akasema sukuma wiki zake zinalia kwa kiu na hapa kuna mtu anataka kuogesha mchanga. Ongodia alingoja, mkono juu ya redio, mpaka watu wakaishiwa pumzi.

"Maji ni yake," alisema. "Anatoa kwanza, anapokea baadaye. Mto ukikauka katikati, anayepoteza ni yeye. Wewe Alinga unapoteza nini?"

Alinga alifikiri, akakaa. "Mimi ninasema tu ni kichekesho."

"Kichekesho si kosa. Lakini mama, hayo maji ya chumvi yakitoka kwako yataenda wapi? Chini yako ng'ombe wanakunywa."

Swali lilikuwa zuri. Wakaenda wote kuangalia. Ongodia aliitembea njia yote kwa fimbo, akachora mstari ardhini kutoka mtaro uliofukiwa, kuzunguka mahali pa kunyweshea, hadi kwenye matete ambako hakuna aliyelima wala kuchota. Ulikuwa mstari mrefu. Mtu mmoja na jembe angeuchimba kwa wiki tatu.

"Mimi nitachimba," Morris akasema.

Watu wakamgeukia.

"Msinitazame hivyo. Nimepiga hesabu. Mama Brendah akishinda, sawa, nimemsaidia jirani. Akishindwa, shamba inakuja kwangu ikiwa imeshaoshwa na ina mtaro. Kwa hivyo mimi sipotezi, nikae upande wowote!"

"Sijawahi kuona mchawi mwaminifu kama huyu," Ajiko alisema, na wakacheka mpaka Nanjala naye akacheka, kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

Wakachimba pamoja kwa siku kumi, asubuhi kabla ya abiria na jioni baada ya abiria. Morris alichimba kama alivyoongea, bila kupumzika. Nanjala alipokwenda kugawa shamba lake kwa vijaruba vidogo, ili maji yasimame sawasawa kila mahali, Morris alibaki peke yake kwenye mtaro akiumalizia. Zamu kumi za Nanjala zilikwenda kwa wenzake mmoja baada ya mwingine, na kila siku aliangalia maji yakimpita bila kugeuka kwake. Hilo lilikuwa gumu kuliko kuchimba.

Siku ya kumi na moja, redio iliposoma habari za saa mbili asubuhi, Ongodia alimfungulia geti. Wale watu kumi walikuwa wamekuja wote, na wengine ambao hawakudaiwa kitu. Maji yaliingia kijaruba cha kwanza, yakaenea, yakazama. Yakaingia cha pili, yakazama. Habari za saa tatu zikapita. Nanjala alikwenda kuchungulia mtaroni: kukavu.

"Labda yamevuka mpaka kwenda Tororo," Alinga akasema.

Habari za saa nne. Sasa vijaruba vyote vilikuwa vimejaa na maji yamesimama juu, yanang'aa, hayashuki. Mtaroni bado kukavu. Vicheko vilikuwa vimepungua. Mama mmoja aliyekuwa ametoa nusu saa yake alitazama upande wa shamba lake, kisha akatazama chini. Nanjala aliona kila kitu. Kama maji hayatatoka, jua litayanywa hapo juu na kuacha chumvi nyingi kuliko mwanzo, na shamba litaondoka kwenye mstari wa ishirini, na atakuwa amelipoteza mbele ya watu wote, mchana kweupe, kwa maji yao.

Aliingia mtaroni. Akapitisha kiganja ukutani. Ulikuwa laini kama sahani.

"Morris," aliita. "Hapa umefanya nini?"

Morris akashuka akitabasamu. "Nimepiga lipu. Niliona udongo unaporomoka, nikaona haifai, kazi ya watu. Nikachukua tope nikausiriba wote vizuri, kama nyumba. Siku mbili nzima nimesiriba."

Ajiko alipiga kelele kutoka juu. "Ameziba! Ameziba makusudi! Nilisema mimi!"

Tabasamu la Morris likafa. Aliangalia ukuta, akaangalia maji yaliyosimama, na uso wake ukawa wa mtu aliyevunja chungu cha wageni. Nanjala alimtazama, kisha akautazama ukuta. Lipu ilikuwa imepigwa hadi kwenye kona, hadi chini ambako hakuna jicho lingefika, na pembeni kulikuwa na alama ya vidole mahali alipolainisha.

"Hakuna mtu anayeharibu kwa uzuri hivi," alisema. "Mama, nipe jembe. Na wewe, shika lile. Tukwangue."

Walikwangua. Ongodia alivua redio akampa Alinga aishike, akaingia na panga. Halafu watu watatu, halafu sita, kila mmoja akikuna ukuta kama anayekwangua ukoko wa sufuria. Tope lilipoanguka, udongo wa nyuma ulionekana mweusi, umelowa. Tone likatokea. Likateleza. Likatokea jingine, kisha uzi, kisha ukuta mzima ukaanza kutoka jasho, na chini ya miguu yao maji yakaanza kutambaa kuelekea kwenye matete.

Ajiko ndiye aliyeonja wa kwanza. Alikunja uso mzima hadi macho yakapotea.

"Ptuu! Hii inaweza kupika kunde za wilaya nzima!"

Basi kila mtu akataka kuonja. Walipanga foleni ndani ya mtaro, watu wazima wenye watoto sekondari, wakachovya kidole, wakatema, wakagombana ni nani ametema karibu na miguu ya nani. Alinga aliinama na redio kifuani, akaonja, akatema.

"Ni kweli," alisema, na kwa Alinga hiyo ilikuwa kuomba radhi.

Habari za saa tano wakaonja tena: bado chumvi. Za saa sita: kidogo. Ilipobaki nusu saa, Ongodia mwenyewe alichovya, akaonja, akafikiri, akaonja mara ya pili.

"Hii ni maji tu," alisema. Na redio iliposoma habari za saa saba, akaenda kufunga geti, ingawa mtu mmoja alimwambia amwongezee mama dakika tano.

Nanjala alipanda miche yake siku ya nne, udongo ulipokuwa umeshika lakini haujakauka, na kati ya mistari akatandaza nyasi ili jua lisivute maji juu. Hakutaka tena nusu saa kila siku. Aliomba apate saa mbili unusu kila baada ya siku tano, maji yale yale, yakija pamoja yanashuka pamoja. Ongodia alikubali kwa majaribio. Alipenda neno hilo, majaribio. Halikumlazimisha kumwambia mtu yeyote kwamba alikosea.

Siku ya ukaguzi walikuja watu watano na daftari. Kona moja ya chini, karibu na mahali alipokuwa amerundika udongo wa mtaro, miche ilikuwa imekufa, na Nanjala hakuificha kwa nyasi. Ongodia alihesabu mistari kwenda, akaihesabu kurudi. Ilikuwa ishirini na sita. Ishirini na moja ilikuwa ya kijani, majani yamesimama, na chini vitunguu vimeanza kunenepa.

"Kanuni inasema nusu," alisema. "Hii ni zaidi ya nusu. Shamba lina mmea." Akaandika, polepole, kwa sababu aliandika kila kitu polepole. Nanjala aliitazama kalamu mpaka ilipofika nukta.

Ajiko alifungua kanga yake, akajifunga upya kiunoni, kwa nguvu, na kwa wanaomjua hiyo ilikuwa shangwe.

"Pole, Morris," Nanjala alisema.

"Pole ya nini? Kuna watu wanne wananitaka mitaro. Nimekuwa injinia." Akasogea, akashusha sauti. "Lakini mama Brendah, kusema kweli, nilitaka ushindwe kidogo tu. Kidogo sana."

"Nilijua."

Alinga alikuwa amebaki nyuma, akingoja wengine waondoke. Walipoondoka alikohoa. Sukuma wiki zake, alisema, zilikuwa zimeanza kuungua pembeni. Si sana. Majani mawili matatu. Labda ni jua. Lakini kama si jua, na kama kikundi kitakubali, angehitaji watu kumi wenye roho nzuri, na yeye, kwa namna alivyoongea siku ile kwenye geti, hakujua kama atapata hata mmoja.

Ilikuwa wiki kavu kuliko zote. Nanjala alipiga hesabu ya vitunguu vyake, siku vilizokunywa na siku vitakazokunywa, kama mtu anayehesabu vidonge vya mtoto.

"Mzee Ongodia," alimwita kabla hajafika mbali, "tafadhali rudisha daftari. Niandike wa kwanza kwa Alinga. Lakini achimbe mtaro kabla ya kuomba maji."

"Nusu saa yako utaitoa siku gani?" Ongodia akauliza, kalamu tayari.

"Mtaro wake ukiwa tayari, nichukulie kutoka zamu yangu ya Alhamisi. Siku hiyo nitakuwa Matayos, nimwone mama yangu. Nimekosa kwenda tangu mvua zikatike."

Na Alhamisi hiyo akaenda.